Tupeane uzoefu: tetemeko au volkano ikipiga, kitu gani huvunjika kwanza na kwa nini?

MwanaMiamba (mwenye uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa watu wa kazi: mafundi wa ujenzi, wapimaji, wazimamoto, waokoaji, watu wa maji. Zile za "nilikuwa nimekaa sebuleni, mara kikombe kikaanza kucheza" tunazo za kutosha. Hapa kila mmoja aweke kitu anachokijua kwa ndani: kinaharibikaje, kwa sababu gani, na kinga yake ni sentimita ngapi, lita ngapi, sekunde ngapi.

Nianze na la chini kabisa kwa sababu linachanganywa kila siku. Ganda la dunia limegawanyika mabamba, na mabamba hayo yanasogea sentimita chache kwa mwaka, kama kasi ya kucha kuota. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki linapanuka polepole zaidi, milimita chache tu. Mwendo huo peke yake hauna madhara. Balaa iko kwenye kukwama. Pande mbili za ufa hushikana kwa msuguano, mwamba unaendelea kupinda kama upinde kwa miaka mia au mia tano, halafu unafyatuka ndani ya sekunde.

Pia tusichanganye ukubwa na ukali. Ukubwa, yaani magnitudo, ni namba moja kwa tetemeko zima. Ukali ni kile kinachosikika pale uliposimama, na hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Ukipanda hatua moja ya magnitudo, nishati inaongezeka takribani mara 32. Hatua mbili ni kama mara 1,000.

Sasa pima hili. Januari 12, 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Februari 27 mwaka huohuo Chile ikapigwa na la 8.8, ambalo nishati yake ni kama mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu 500 na ushee. Haiti walikufa zaidi ya 100,000. Nauliza: tofauti hiyo ilikaa wapi?

FundiNondo

Sehemu kubwa ilikaa kwenye ringi, mkuu. Sitanii.

Shika ringi moja mkononi uitazame kabla haijavishwa kwenye nguzo. Ni nondo nyembamba, tuseme ya milimita 8, iliyokunjwa mraba, na ncha zake mbili zinakutana kwenye kona moja. Hizo ncha ndizo za kuangalia. Zikikunjwa nyuzi 90 zinalala tu kandokando ya ringi, ndani ya ile ngozi ya zege ya sentimita 3 au 4 inayofunika nondo. Nguzo ikitikiswa, ngozi hiyo ndiyo inayobanduka kwanza. Ikishabanduka, ncha hazina cha kuzishika. Ringi inaachia, nondo ndefu zinatutumka kwenda nje, zege la ndani linamwagika kama kokoto kavu, na sakafu ya juu inashuka juu ya ya chini. Ncha zikikunjwa nyuzi 135, zikaelekea kiini cha nguzo na mkia ukabaki sentimita 7.5 au zaidi, ngozi inaweza kuanguka yote na nguzo bado ikasimama. Nondo ni ileile, ila kunja inachukua sekunde chache zaidi. Na hizo kona za ncha usizipange mstari mmoja juu hadi chini. Zizungushe, ringi hii kona hii, inayofuata kona nyingine.

Nafasi: sentimita 10 kati ya ringi na ringi kwenye sentimita 50 za juu na sentimita 50 za chini za nguzo, katikati unaweza kwenda 15 hadi 20. Makosa ya kila siku ni 25 au 30 kote. Lakini kosa baya kuliko yote liko pale bimu, yaani boriti ya zege iliyolala, inapokutana na nguzo. Pale nondo zimesongamana, ringi haipiti kirahisi, fundi anaziruka mbili au tatu na kumwaga zege. Ukiona picha za maghorofa yaliyolaliana kama chapati, tafuta maungio hayo. Mengi hayana ringi hata moja ndani.

Maungio ya nondo kwa urefu: mara 50 ya kipenyo, kwa hiyo nondo ya milimita 12 inaunganishwa kwa sentimita 60. Na muungano uwe katikati ya kimo cha nguzo. Wengi wanaunganisha juu tu ya sakafu kwa kuwa ndipo mikono inapofika, na ndipo nguzo inapopinda zaidi.

Maji nayo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hautaki zaidi ya lita 25, na kama mchanga umelowa, punguza. Zege la hivyo ni zito kumwaga, linahitaji kushindiliwa kwa fimbo au mashine ya mtetemo, ndiyo maana watu wanaongeza ndoo. Ukifikisha lita 35 umepoteza theluthi ya nguvu au zaidi, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Mchanga wa baharini usiooshwa unaongeza chumvi inayokula nondo taratibu. Kisha mwagilia siku 7 mfululizo. Zege linalokaushwa na jua siku ya pili linabaki na sura ya zege tu.

Nyundo_Ndogo

Mkuu FundiNondo, hayo ya ghorofa. Vipi nyumba ya chini ya tofali isiyo na nguzo?

Timazi

Hilo nalichukua mimi.

Nyumba ya tofali isiyofungwa hufa kwa mpangilio unaojirudia. Kwanza linaanguka lile pembetatu la ukuta chini ya paa, ambalo halijashikwa na kitu juu. Halafu kona zinapasuka wima, kuta mbili zinaachana, kila moja inabaki kama karata iliyosimamishwa. Kisha ukuta mrefu unalalia nje na paa linafuata. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa la 5.9 tu, na nyumba za tofali zisizofungwa ndizo zilizoumia hivyohivyo.

Dawa ni kuufunga ukuta kwa fremu nyembamba ya zege: nguzo ndogo kila kona, kila makutano ya kuta, na kila mita 4 kwa ukuta mrefu, juu mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima bila kukatika. Siri ni mpangilio wa kazi. Ukuta unajengwa kwanza, tofali za mwisho zikiachwa na meno, moja imetokeza moja imeingia, halafu ndipo zege la nguzo linamwagwa likajaze yale meno. Ukianza na nguzo na kujaza tofali baadaye, ukuta na nguzo vinabaki wageni. Vikitikiswa, ukuta unatoka mzimamzima.

Mkanda: nondo nne za milimita 10 au 12, ringi kila sentimita 15 hadi 20, na kwenye kona kila nondo ipinde na kuendelea upande wa pili angalau sentimita 50. Nondo inayoishia konani ni sawa na hakuna mkanda, kwa kuwa kona ndiyo hasa uliyotaka kuishika. Milango na madirisha yakae sentimita 60 au zaidi kutoka konani, na jumla ya upana wake isizidi nusu ya urefu wa ukuta. Lile pembetatu la juu, liondoe tu. Weka mbao na bati. Linapendeza vilevile na halimwangukii mtu.

Nyumba iliyokwisha kujengwa: wavu wa waya wa chuma pande zote mbili za ukuta, kwenye mikanda ya kona na juu ya madirisha, pande zote mbili zikiunganishwa kwa waya unaopenya ukuta kila sentimita 45 hivi, kisha lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu, unene wa sentimita 2.5 hadi 3. Wavu uliopigiliwa upande mmoja tu hausaidii sana. Unabaki umeshika lipu, ukuta unaondoka.

Koleo_na_Kamba

Nyongeza fupi kwa maghorofa: chini maduka wazi, vioo mbele, juu vyumba vyenye kuta nyingi. Jengo hilo lina mwili mzito juu ya miguu minyonge. Ghorofa la chini ndilo linalokunjika, mengine yanabaki mazima juu yake. Uturuki Februari 6, 2023 ilionekana mtaa kwa mtaa. Anayevunja nguzo au ukuta wa chini ili apate nafasi ya duka amekata goti la jengo zima.

Sindano

Upande wa vipimo. Tetemeko linatuma mawimbi mawili yanayohusika hapa. La kwanza linasukuma na kuvuta, linakwenda takribani kilomita 6 kwa sekunde kwenye ganda. Huwa ni kishindo kifupi au mtikiso mwepesi wa dirisha. La pili linayumbisha pembeni, lina kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na ndilo linalobomoa. Hesabu sekunde kati ya kishindo na yumbo, zidisha kwa 8, umepata umbali kwa kilomita. Sekunde 10 ni kilomita 80 hivi.

Ndiyo kazi ya mifumo ya tahadhari kama ya Japani na Mexico: mashine iliyo karibu na kitovu, yaani pale tetemeko linapoanzia, inanasa wimbi la kwanza, inatuma ishara kwa umeme, ambao ni mwepesi kuliko wimbi lolote la ardhini. Treni inafunga breki, lifti inasimama kwenye ghorofa la karibu na kufungua mlango, daktari anainua kisu. Ukiwa karibu sana na kitovu huambulii kitu. Wimbi linakuwa limeshafika. Mfumo hautabiri, unapiga mbio tu na wimbi.

Gogo_Kavu

Kwa hiyo likishapita kubwa, watu warudi ndani?

Sindano

Hapana! Kwa wastani tetemeko kubwa kuliko yote yanayofuata huwa chini ya lile kuu kwa 1.2 hivi za magnitudo. Baada ya 7 tegemea 5.8, na hilo linatosha kumalizia jengo lililokwisha pasuka. Idadi yao inapungua kwa kanuni rahisi: siku ya kumi utapata kama sehemu ya kumi ya yale ya siku ya kwanza. Na kuna uwezekano mdogo, kama 1 katika 20, kwamba lililopita halikuwa kuu na kubwa zaidi linakuja ndani ya wiki.

Christchurch, New Zealand, ndiyo ya kukumbuka. Septemba 4, 2010 lilipiga la 7.1 usiku, hakuna aliyekufa papo hapo. Februari 22, 2011 likaja la 6.2, dogo kwa namba, ila lilikuwa karibu na mji na kwenye kina kifupi, mchana watu wakiwa kazini. Walikufa 185.

Koleo_na_Kamba

Kuhusu kukimbia au kujificha, maana watu hugombana sana hapa. Kwenye jengo la zege au ghorofani: piga magoti, ingia chini ya meza imara, shika mguu wake na usogee nao ukisogea. Meza inatembea, usipoishika unabaki wazi. Hakuna meza, jikunje kwenye ukuta wa ndani, mikono juu ya shingo. Kusimama mlangoni ni ushauri wa nyumba za kale za fremu nene. Mlango wa leo hauna nguvu kuliko ukuta, na unakubamiza vidole. Ile habari ya kulala kando ya kabati ili ubaki kwenye "pembetatu ya uhai" ni ya kutupa: kabati linatembea na linaanguka, na hujui litaangukia upande gani.

Lakini nyumba ya tope au mawe yenye paa zito, ukiwa chini kabisa, mlango uko hatua chache na nje pana nafasi wazi, toka mbio. Nyumba ya namna hiyo meza haiiwezi.

Jeraha linalowapata wengi baada ya tetemeko la usiku ni la kijinga: nyayo zilizokatwa na vioo. Viatu vyenye soli ngumu na tochi ndani ya mfuko, mfuko ufungwe kwenye mguu wa kitanda. Ufungwe, usiwekwe. Vikiachwa sakafuni vinakwenda na mtikiso na unavipapasa gizani juu ya vioo vilevile.

Aliyefukiwa: afunike mdomo kwa nguo dhidi ya vumbi, asipige kelele mfululizo, agonge bomba au ukuta mara tatu, anyamaze, arudie. Juu, waokoaji huzima mashine zote na kusikiliza kwa dakika kadhaa. Sasa la muhimu kwa anayefukua: mtu ambaye paja au mguu wake umebanwa kwa saa kadhaa usiinue zege upesi kwa furaha. Misuli iliyobanwa imejaa potasiamu na sumu nyingine. Ukiachia ghafla zinakimbilia moyoni na figo, na mtu aliyekuwa anaongea nawe anakufa dakika chache baada ya kutoka. Mwacheni daktari aanze maji ya mshipa kabla ya kuinua.

Tope_Bichi

Mmesahau udongo. Mexico City Septemba 19, 1985: kitovu kilikuwa pwani, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini. Miji ya karibu na kitovu iliumia kidogo kuliko mji huo, kwa sababu sehemu yake imejengwa juu ya tope la ziwa la zamani. Tope lile lina mdundo wake, kwenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Jengo nalo lina mdundo wake, takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa. Jengo la ghorofa 10 linaanza na sekunde 1. Likianza kupasuka linalegea, mdundo unarefuka, unausogelea ule wa tope, na kila yumbo linaongezwa juu ya jingine kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea kwa wakati wake. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 ndiyo yaliyoanguka zaidi. Mafupi na marefu sana mengi yalibaki.

Jambo la pili ni mchanga mlegevu uliojaa maji. Ukitikiswa, chembe zinataka kushikamana, maji hayana pa kwenda, shinikizo linapanda na mchanga unageuka uji. Niigata, Japani, 1964, maghorofa ya watu yalilala ubavu bila kuvunjika, mengine madirisha yakiwa mazima. Matangi mepesi ya chini ya ardhi yanaelea na kutokeza juu. Ukiwa na maji ya chini ndani ya mita chache na mchanga unaochimbika kwa mkono, usitegemee msingi mpana peke yake. Ama shindilia udongo, ama teremsha nguzo hadi tabaka gumu.

Bomba_la_Tatu

Moto! Kanto, Japani, Septemba 1, 1923, lilipiga saa 5:58 mchana, majiko yamewashwa kwa chakula. Waliokufa ni kama 105,000 na wengi wao waliungua.

Mtungi wa gesi ufungwe kwa mnyororo ukutani, chini kidogo ya bega lake. Mpira wa gesi uwe wa kupinda, uwe na ziada ya urefu. Bomba gumu linakatika kwenye kiungio. Tanki la kuchemshia maji lifungwe mikanda miwili, mmoja theluthi ya juu, mmoja theluthi ya chini, skrubu ziingie kwenye zege au mbao nene. Skrubu iliyoingia kwenye tofali lenye tundu inang'oka na plagi yake.

Mtikiso ukiisha: nusa. Ukisikia gesi, funga vali, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, kuwasha wala kuzima, maana cheche ni ileile. Usiposikia harufu, iache vali kama ilivyo kama gesi yako ni ya bomba la mji. Kuirudisha kunahitaji fundi.

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, siku tatu, hivyo 12 kwa kichwa. Bomba likipasuka barabarani, maji machafu yanaingia kwenye mtandao, kwa hiyo funga vali kuu ya nyumba mapema ulinde yaliyo kwenye tanki. Klorini ya maji ya kung'arishia nguo ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato: matone 2 kwa lita ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30.

Majivu_Mepesi

Tuhamie volkano. Majivu yake yanaitwa majivu kwa bahati mbaya tu. Yaweke chini ya kioo cha kukuzia: ni vipande vya kioo na mwamba vyenye ncha kali. Hayayeyuki kwenye maji, yanakwaruza jicho, yanakula mashine, na yakilowa yanapitisha umeme.

Uzito ndio unaoua. Sentimita moja ya majivu makavu ni kama kilo 10 kwa mita ya mraba. Yakilowa inaweza kufika 20. Pinatubo, Ufilipino, Juni 1991, kimbunga kilipita wakati uleule volkano inalipuka, majivu yakanyonya mvua, na wengi wa waliokufa walikufa chini ya mapaa yao. Paa la kawaida usilingoje lifikishe sentimita 10. Anza kwenye 2 au 3.

Namna ya kusafisha: kwanza, kabla majivu hayajafika, chomoa bomba la mfereji wa paa linaloingia kwenye tanki la maji na ufunike tanki. Ukichelewa hapo umepoteza maji ya msimu mzima. Kisha nyunyiza, usimwage; unataka vumbi lilale, hutaki kuongeza kilo. Fagia ukiwa juu kileleni kushuka, ukanda mmoja upande huu, ukanda mmoja upande ule, ili paa lisilemewe upande mmoja. Pakia mifuko nusu tu, ukijaza hainyanyuki. Usiyasukumie mtaroni, yanaganda kama saruji. Na jifunge kamba: wanaoanguka kutoka kwenye paa baada ya mlipuko ni wengi kuliko mnavyodhani.

Barakoa iwe ya FFP2 au N95, zile zinazochuja vumbi laini, ibane puani na kidevuni. Kitambaa cha maji kinapunguza kidogo tu, ni bora kuliko kukosa. Vaa miwani, toa lenzi za machoni. Gari: usiwashe wipa kwenye kioo kikavu, utachora mistari ya milele, mwagia maji mengi kwanza. Maji yenye majivu acha yatulie, chuja, ndipo uweke klorini. Kwenye maji ya tope klorini inaishia kwenye uchafu. Mifugo ihamishwe kwenye malisho yaliyofunikwa, kwani majivu mengine yamebeba floridi. Iceland, baada ya mlipuko wa Laki wa 1783, mifugo ilikufa hivyo na njaa ikafuata watu.

Ziwa_Kivu

Kwa upande wetu wa Kivu neno moja la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya wanavolkano wa dunia nzima: mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za lava ya zamani na kujikusanya mabondeni, kwenye mashimo, kwenye misingi iliyochimbwa. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, haina rangi, haina harufu. Alfajiri bila upepo ndiyo saa yake. Jua likipanda na upepo ukavuma inatawanyika. Mbuzi na watoto wanaanguka kabla ya mtu mzima kwa sababu pua zao ziko chini.

Wengi hufa kwa kumfuata aliyeanguka. Ukiona mtu au mnyama amelala kwenye shimo maeneo hayo, usishuke. Kamba, ndoano, au subiri watu wenye mitungi ya hewa. Kipimo cha mshumaa nacho si cha kutegemea: mpaka mwali uzimike, gesi imekwisha fika kiwango cha kukuangusha. Kulala chini sakafuni kwenye nyumba iliyo bondeni ni hatari kuliko kitandani, na nyumba iwe na matundu ya hewa usawa wa sakafu upande wa mteremko ili gesi itoke.

Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wa Goma, Kongo, lava yake ni nyepesi isivyo kawaida kwa kuwa ina silika kidogo. Mlimani inaweza kukimbia kuliko mtu. Ikifika kwenye tambarare inapungua, mtu anaipita kwa kutembea, na hapo ndipo kosa la pili linapoingia. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, na kituo cha mafuta kilicholipuka kikaua watu wengi baada ya hatari ya kwanza kupita. Mei 2021 ilipolipuka tena, wengine walikufa kwa ajali za barabarani wakikimbia, na wengine kwa gesi walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa bado inafuka. Ganda likionekana jeusi na gumu, chini yake bado ni moto na gesi inapanda. Zunguka, hata ikiwa ni nusu siku.

MwanaMiamba

Niongeze Ol Doinyo Lengai hapo, volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Lava yake ni ya kaboneti, nyuzi 500 hadi 600 tu, mchana haiwaki, inatiririka nyeusi kama mafuta machafu ya gari, kisha ikinyonya unyevu inageuka nyeupe. Mgeni huiona ni tope akataka kuikanyaga. Inaunguza kiatu na mguu vilevile.

Kina_cha_Mto

Kwenye volkano yenye theluji au mvua nyingi, hofia mto kuliko lava. Nevado del Ruiz, Kolombia, Novemba 13, 1985: mlipuko mdogo usiku uliyeyusha sehemu ya theluji, tope likateremka mabondeni na kuufikia mji wa Armero saa mbili na nusu baadaye. Walikufa kama 23,000, na ramani ya hatari ilishachorwa mwezi mmoja kabla. Ukisikia ngurumo kama treni kutoka juu ya mto, usikimbie kufuata bonde. Panda pembeni. Makumi ya mita za kimo zinatosha; kilomita tatu za kukimbia bondeni hazitoshi. Daraja usilivuke.

Mkia_wa_Wimbi

Wa pwani: mtikiso wa sekunde 20 au zaidi, au bahari ikirudi nyuma ghafla, ndiyo king'ora chako cha tsunami. Mita 30 juu au kilomita 3 ndani, kwa miguu, kwani barabara zinaziba. Desemba 26, 2004 kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilikuwa karibu na kitovu, na kati ya watu kama 78,000 walikufa 7 hivi, kwa sababu walikuwa na neno lao la jadi, smong, lililobeba habari ya wimbi la 1907. Somalia wimbi lilifika kama saa 7 baadaye, ambako hakuna aliyesikia mtikiso, na likaua watu wapatao 300. Usishuke baada ya wimbi la kwanza. La pili au la tatu mara nyingi ni kubwa zaidi, na yanaweza kupishana kwa dakika 10 hadi saa nzima.

Nyundo_Ndogo

La mwisho kutoka kwangu: nyumba imesimama lakini ina nyufa. Nitajuaje?

Timazi

Gonga lipu kwenye ufa kwa nyundo, uibandue upana wa kiganja. Ufa ukiishia kwenye lipu na tofali nyuma ni zima, ni uso tu. Ukipita kwenye tofali, angalia umbo. Mistari ya mshazari inayokatana kama X kati ya madirisha ina maana ukuta umeshabeba kadiri ya uwezo wake, tetemeko linalofuata utaanguka. Ufa wowote kwenye kichwa cha nguzo, nondo zikionekana, au mlango uliokuwa unafunga jana na leo unakwama juu, toka na usirudi hata kuchukua godoro.

Nyufa nyembamba zinazokutia shaka, chora kwa penseli mstari mfupi unaouvuka ufa, na mwingine kwenye ncha ufa unapoishia, uandike tarehe na saa pembeni. Rudi baada ya kila mtikiso. Mstari ukiachana hata kwa unene wa kadi, au ufa ukipita ile alama ya ncha, nyumba bado inatembea.